Mume wangu anataka tuweke rehani shamba la kahawa ili tufuge nguruwe kisasa. Nikubali?

Ndugu Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mbozi, mkoani Songwe, kuhusu jambo ambalo limeninyima usingizi tangu tumalize kuvuna kahawa. Mimi ni mama wa watoto wanne. Mimi na mume wangu tunalima kahawa na mahindi, na tangu nilipoolewa nimekuwa nikifuga nguruwe kama wanavyofuga wanawake wengi wa huku kwetu: majike wawili katika banda la miti lililoezekwa kwa nyasi, chakula chao kikiwa ni pumba za mahindi yetu wenyewe, machicha ya pombe, majani ya viazi na mabaki ya jikoni. Mahindi yakishavunwa, huwafungulia wakajitafutia mashambani hadi mvua zinapoanza. Sijatajirika kwa nguruwe, lakini kila lilipotokea jambo la ghafla wao ndio walionisitiri. Mahitaji ya shule ya mwanangu wa kwanza, matibabu ya mama mkwe alipolazwa, hata bati za nyumba tunayoishi, vyote vilitoka bandani mwangu.

Miezi michache iliyopita mume wangu alihudhuria semina ya ufugaji wa kisasa iliyoandaliwa na watu wanaouza nguruwe wa mbegu. Alirudi akisema kwamba umaskini wetu unatokana na ufugaji wa kienyeji na kwamba sasa ni wakati wa kufuga kisayansi. Amekwisha kufanya mpango wa mkopo wa miaka miwili, ambao marejesho yake yataanza mwezi wa tatu baada ya kupokea fedha. Fedha hizo zitajenga banda la saruji na kununua majike kumi wa mbegu, wenye umri wa miezi mitatu, pamoja na dume mmoja. Dhamana ni hati ya kimila ya shamba letu la kahawa. Fomu iko mezani na inasubiri sahihi yangu.

Mimi sipingi maendeleo. Najua kwamba nguruwe wangu hawaendi mbele. Jike huzaa watoto wanane au tisa, wanaobaki hadi kuachishwa kunyonya ni watano, na hao hukaa zaidi ya mwaka kabla ya kufikia uzito ambao mnunuzi anautaka. Hata hivyo, msimu uliopita homa ya nguruwe iliingia kitongoji cha jirani na kumaliza mabanda yote, na miongoni mwa waliofilisika alikuwamo bwana mmoja aliyekuwa na banda zuri la saruji kuliko mtu yeyote kijijini. Nilipomkumbusha mume wangu habari hiyo, alisema nina roho ya woga. Jambo jingine, ambalo nalisema kwa aibu, ni kwamba hadi leo nguruwe ni mali yangu na fedha yake hupita mkononi mwangu. Naona wazi kuwa mradi ukishakuwa mkubwa hautakuwa wangu tena.

Je, ufugaji wa kisayansi unatufaa sisi wenye uwezo mdogo, au ni wa wenye mitaji? Nimjibu nini mume wangu bila kuonekana namdharau? Na kuna jambo dogo la haraka: jike wangu mkubwa yuko karibu kuingia kwenye joto, na dume tunayemtumia ni wa jirani, ambaye huazimwa na kijiji kizima. Nimpeleke au nisubiri?

Mama wa Mbozi

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Usitie sahihi fomu hiyo. Naanza hapo kwa sababu sahihi ikishawekwa, mashauri yote yatakayofuata yatakuwa ya kutafuta namna ya kuliokoa shamba. Nasema hivyo nikiwa ninaamini kwa dhati kwamba ufugaji wa kisayansi unaweza kuinua kipato chako, na kwamba mume wako ana haki ya kuchoka na hali ya sasa. Ninachokipinga ni mkopo huo, kwa dhamana hiyo na kwa kalenda hiyo.

Tuitazame kalenda kwanza, kwa maana mwili wa nguruwe haujui tarehe za marejesho. Jike mwenye umri wa miezi mitatu hapaswi kupandwa kabla ya kufikisha takriban miezi minane na kuwa na mwili wa kutosha, kwa hiyo utamlisha miezi mitano kabla hajashika mimba. Mimba huchukua siku 114, yaani karibu miezi minne. Watoto watakaozaliwa, hata wakilishwa vizuri, watahitaji miezi sita hadi saba ndipo wafikie uzito wa kuchinjwa wa kilo 80 au zaidi. Ukijumlisha, utauza nguruwe wa kwanza aliyenenepeshwa baada ya miezi 16 hivi. Marejesho yanaanza mwezi wa tatu, hivyo mtakuwa mmekwisha kulipa awamu kumi na tatu bila kuuza nguruwe hata mmoja wa kunenepesha. Hata mkiamua kuuza watoto mara tu baada ya kuwaachisha kunyonya, fedha ya kwanza haitaonekana kabla ya mwezi wa kumi na moja. Awamu zote hizo zitalipwa na kahawa na mahindi, na msimu mmoja wa kahawa ukienda vibaya, hati ya shamba haitarudi nyumbani. Muulize mume wako kwa upole kama kalenda hiyo ilifundishwa kwenye semina.

Baada ya kalenda kuna chakula, na hapa ndipo ufugaji wa kisayansi unapobadilisha maisha ya mkulima mdogo kwa namna ambayo wauzaji wa mbegu hawaielezi. Nguruwe wako wa sasa hula vitu ambavyo hungeviuza: machicha, majani, maganda, pumba za mahindi yako. Anakua polepole, lakini hakudai fedha kila asubuhi, na ndiyo maana umeweza kumtumia kama akiba. Nguruwe wa mbegu, awe Large White, Landrace au chotara wao, amezalishwa ili ageuze chakula bora kuwa nyama kwa haraka, na asipokipata chakula hicho hukonda na kuugua kuliko hata yule wa kienyeji. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji wa namna hii, na mara nyingi hufikia theluthi mbili. Maana yake ni kwamba mali iliyokuwa ikikaa kimya hadi siku ya shida inageuka kuwa biashara inayohitaji fedha taslimu kila wiki, pamoja na miezi ya Desemba hadi Machi, wakati mahindi ya mwaka uliopita yanakwisha, bei ya pumba inapanda na fedha ya kahawa imekwisha kutumika.

Tufanye hesabu ya kukadiria. Jike mmoja, ukichanganya miezi ya mimba anapokula kilo mbili na ziada kwa siku na wiki za kunyonyesha anapohitaji kilo nne hadi sita, hula karibu tani moja kwa mwaka. Nguruwe wa kunenepesha huhitaji kilo tatu hadi nne za chakula kwa kila kilo moja ya uzito anayoongeza, hivyo kumtoa kwenye kilo 12 hadi 80 kunahitaji zaidi ya kilo 200. Tuseme majike kumi wanazaa mara mbili kwa mwaka na kila uzao mnabakiza watoto saba. Hao ni nguruwe 140. Jumlisha chakula cha mama na cha watoto, utapata zaidi ya tani 40 kwa mwaka, yaani magunia zaidi ya 400 ya kilo mia. Wewe unajua magunia mangapi ya pumba hutoka kwenye mahindi yenu. Kilichobaki chote kitanunuliwa.

Maji nayo yataulizwa, na nina hakika hayatachotwa na mwandishi wa kijitabu cha semina. Jike anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 30 kwa siku, na akikosa maji, maziwa hukauka na watoto hufa. Banda la ukubwa mnaoufikiria, pamoja na kuosha sakafu, litahitaji zaidi ya ndoo 20 kila siku. Kama kijijini kwenu bomba halijafika uani, kazi hiyo itawaangukia wewe na watoto, na mtoto atakayeanza kuchelewa shuleni kwa sababu ya maji ya nguruwe ni gharama ambayo haimo kwenye andiko la mradi.

Sasa niseme kwa nini, pamoja na yote hayo, sitaki ubaki ulipo. Soma tena maneno yako mwenyewe: wanazaliwa wanane au tisa, wanabaki watano. Sayansi inayokufaa zaidi mwaka huu imo kwenye sentensi hiyo. Majike wawili wakizaa mara mbili kwa mwaka, nawe ukafanikiwa kubakiza watoto wanane badala ya watano kila uzao, umeongeza nguruwe 12 kwa mwaka, ambao ni zaidi ya mazao ya jike mzima unayemfuga sasa, bila kununua wala kulisha mama mwingine. Sioni njia ya bei nafuu kuliko hiyo ya kukuza mradi wako.

Wengi wa watoto hao hufa katika siku chache za mwanzo, kwa kulaliwa na mama, kwa baridi, kwa njaa na kwa upungufu wa damu. Kwenye chumba cha kuzalia, funga fito imara kuzunguka kuta zote, zikiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani na kimo hichohicho kutoka sakafuni, ili mama anapojilaza ukutani watoto wapate nafasi ya kupenya nyuma yake. Tenga kona yenye nyasi kavu na kizuizi ambacho watoto wanapita lakini mama hapiti, kwa sababu baridi ya Mbozi ya mwezi Juni na Julai huua mtoto wa nguruwe aliyelowa usiku mmoja tu. Uwepo wakati jike anazaa, umpanguse kila mtoto kwa kitambaa kikavu na umfikishe kwenye chuchu mapema apate maziwa ya kwanza, na wale wanyonge uwaweke kwenye chuchu za mbele, ambako maziwa ni mengi. Katika siku ya tatu hivi, mtaalamu wa mifugo awachome sindano ya madini ya chuma ya miligramu 200, kwa maana maziwa ya nguruwe hayana chuma cha kutosha na mtoto anayekaa bandani hapati udongo wa kuuchimba. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji banda la saruji.

Jambo la pili linalonisukuma ni kuwafungulia nguruwe baada ya mavuno. Dada yangu, desturi hiyo lazima ikome. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu, na kama mwenye kinyesi hicho ana tegu wa nguruwe tumboni, mayai yake huingia katika mwili wa nguruwe na kugeuka vijifuko vyeupe ndani ya nyama, vyenye ukubwa wa mbegu ndogo. Bila shaka umewaona wanunuzi wakimlaza nguruwe chini, wakimpanua kinywa kwa kijiti, wakauvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa upande wa chini. Wanachokitafuta ni vijifuko hivyo, na wakivigusa, bei inaanguka au wanaondoka. Hasara hiyo ya fedha si kitu mbele ya ile ya afya. Mtu aliyemeza mayai ya mnyoo huyo kwa mikono michafu, kwa mboga au kwa maji anaweza kupata vijifuko kwenye ubongo na kuanza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kula nyama ya nguruwe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako tegu huyo ameenea, asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa sababu yake. Nyanda zetu za juu kusini ni miongoni mwa sehemu zenye tatizo hili. Kwa hiyo banda linalofungwa mwaka mzima na choo kinachotumiwa na kila mtu wa nyumbani, wakiwamo watoto wadogo, ni mambo yanayokwenda pamoja, na nyama iivishwe hadi ndani. Kwa nguruwe ambao wamekwisha kuzurura, muulize mtaalamu kuhusu dawa iitwayo oksifendazoli, uzingatie muda wa kusubiri kabla ya kuchinja.

Ukiwafungia, itabidi uwalishe vizuri, na mchanganyiko mzuri unaweza kuuandaa mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana Vwawa au Tunduma. Kwa nguruwe wanaokua, kilo mia moja zinaweza kuwa na kilo 50 za pumba za mahindi, kilo 15 za mahindi yaliyosagwa, kilo 20 za mashudu ya alizeti, kilo 12 za soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo mbili za mifupa iliyosagwa, na kilo moja iliyobaki igawanywe nusu chumvi na nusu mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Soya isitolewe mbichi, kwa sababu huzuia mmeng'enyo wa protini. Mahindi yenye ukungu usiyatupie bandani ukidhani nguruwe hula kila kitu, maana sumukuvu huwadhuru pia. Nunua mashudu na pumba nyingi kadiri uwezavyo kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno, uziweke juu ya chanja pakavu. Majani ya viazi na mabaki ya mboga yaendelee kama nyongeza, na mbolea ya banda irudi kwenye kahawa, ambako itakupunguzia gharama usiyoihesabu sasa.

Anza pia kupima. Wakulima wengi wadogo hupoteza fedha siku ya kuuza kwa sababu mnunuzi anakadiria kwa macho na muuzaji hana la kumjibu. Chukua utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mgongo kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha mita 1 na urefu wa mita 1.1 ana takriban kilo 76. Si sahihi kama mizani, lakini mnunuzi atakayesema ni kilo 55 ataelewa kwamba anazungumza na mtu mwenye hesabu yake. Hesabu hiyo iandikwe katika daftari pamoja na tarehe ya kupandisha, ya kuzaa, idadi ya waliozaliwa na waliobaki, na kila shilingi iliyonunua chakula.

Kuhusu homa ya nguruwe, woga wako una msingi, na yeyote anayekuita mwoga hajaona banda zima likilala chini kwa wiki moja. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna tiba, wala chanjo ambayo mfugaji wa kijijini kwetu anaweza kuinunua dukani. Mwishoni mwa mwaka 2010 ulipozuka Kyela, karibu na mpaka wa Malawi, ulisambaa hadi kufika Dar es Salaam, na virusi havikutembea kwa miguu: vilibebwa na nguruwe waliosafirishwa na nyama iliyouzwa. Saruji haivizuii. Banda la yule bwana wa kitongoji cha pili lilikuwa zuri, lakini nina shaka kama kulikuwa na mlango uliofungwa mbele ya wanunuzi wanaopita banda hadi banda na matope ya kila kijiji kwenye viatu vyao. Zungushia banda uzio, uwe na mlango mmoja wenye kufuli, weka viatu vya bandani visivyotoka nje na karai la dawa ya kuua vimelea mlangoni, na mnunuzi umtolee nguruwe nje. Mabaki ya chakula yenye nyama yasitolewe kabisa, na mengineyo yachemshwe nusu saa. Nguruwe yeyote mgeni akae peke yake, mbali na wengine, kwa siku 30. Wakati wa mlipuko, nyama ya bei ya kutupa isiingie nyumbani kwako, kwa maana virusi hukaa humo muda mrefu.

Nafahamu kwa nini watu huuza haraka wanaposikia tetesi za homa kabla ya kumwambia ofisa mifugo wa kata. Wanajua karantini ikitangazwa hakuna atakayenunua, na fidia si kitu ambacho mfugaji mdogo anaweza kukitegemea. Siwezi kumlaumu mama anayetaka kuokoa ada ya mtoto, ila ninakuomba usiwe mmoja wao, kwa sababu nguruwe mmoja aliyeuzwa akiwa na homa huangamiza akiba ya wanawake wengine wa mbali ambao hawakukosa lolote. Na kwa sababu hatari hii haiondoki, usiweke mali yako yote kwenye nguruwe. Mradi wa majike wawili au watatu ukifa, unaumia na kuanza upya baada ya kusafisha banda na kuliacha wazi kwa siku zisizopungua 40. Mradi wa majike kumi wa mkopo ukifa, deni linabaki hai.

Hofu yako juu ya fedha kupita mkononi mwako usiione aibu. Shughuli nyingi za wanawake vijijini hubadilisha mikono zinapoanza kulipa, wakati kazi ya kuchota maji na kulisha hubaki kwa mwanamke yuleyule. Angalia kama jina lako limo kwenye hati ya kimila. Sheria inaruhusu wanandoa kuandikishwa pamoja, na kama halimo, uliza ofisi ya kijiji utaratibu wa kuliingiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kwa kuwa kwenu ni shamba, muone msaidizi wa kisheria wa wilaya kabla ya hatua yoyote. Kisha pendekeza majike wako wawili wabaki wako, na kama mume anataka kuongeza wa tatu, huyo awe wa wote wawili, kwa makubaliano yaliyoandikwa ya nani analipia chakula na mapato yanagawanywa vipi.

Usimjibu mume wako kwa neno la kukataa peke yake. Mpe mpango. Mwambie kwamba unakubaliana naye juu ya sayansi, kisha mketi mezani na hesabu ya miezi 16 na ya magunia 400, na umwombe yeye mwenyewe aiandike, kwa maana mtu huamini zaidi tarakimu alizoandika kwa mkono wake. Mwombe mwaka mmoja wa kufuga majike wawili kwa utaratibu mpya. Ukarabati wa banda, fito, mashudu na sindano vinaweza kulipiwa kwa kuuza nguruwe mmoja na kwa mkopo mdogo wa kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Kama mna kikundi cha wanawake kilichosajiliwa, ulizeni pia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo imetengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mbegu bora ije baadaye, na ije kwa kiasi: mtoto mmoja wa kike chotara, aliyechaguliwa kwenye uzao mkubwa wa mama anayenyonyesha vizuri, atakueleza kama banda lako na chakula chako vinamtosha.

Na jike wako mkubwa usimpeleke kwa dume huyo wa kijiji. Dume anayelala leo kwa huyu na kesho kwa yule ndiye njia fupi ya homa kuingia bandani, na kama amewapanda hata binti zake mwenyewe, huenda ndiyo sababu mojawapo ya watoto wako kuzaliwa wanyonge. Joto likipita, litarudi baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo una wiki tatu za kumtafuta mfugaji mmoja ambaye dume wake haazimwi ovyo na hana undugu na majike wako, na ambaye kwake hakujatokea vifo. Mwombe ofisa mifugo wa kata amkague dume huyo, kisha mkubaliane kwamba kwa msimu huu atatumika kwenu wawili tu. Siku ya kumpandisha mpeleke asubuhi, umrudie tena baada ya saa 12 hadi 24, na akirudi nyumbani akae chumba chake peke yake kwa muda uleule wa siku 30 kabla ya kuchanganywa na mwenzake.

Mshauri wako